Mashine ya Vidole

Taa ya mashine ya kusajili vidole iliwaka kijani.

Nikakitoa kidole, nikakirudisha. Kijani tena.

Mwezi mzima mashine hiyo hiyo ilitukataa sisi wapya. Msimamizi wetu, Osward, alikuwa akituita kujisajili katikati ya kazi, mikono ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye barafu ya sangara, vidole vimesinyaa na kufa ganzi. Taa nyekundu. "Pole dada, haisomi. Tutajaribu siku nyingine," alikuwa akisema, kwa upole ule unaokufanya uone aibu kumsumbua.

Jana kiwanda kilitangaza kufungwa mpaka samaki wapatikane tena ziwani. Waliosajiliwa kabla ya mishahara ya mwezi kuandaliwa watakaa nyumbani wakilipwa nusu. Sisi wengine turudishe gambuti, basi.

Nilikuja kurudisha zangu. Getini nilinunua kikombe cha uji wa moto, nikapita nacho ndani nimekikumbatia kwa viganja vyote viwili, maana asubuhi ilikuwa na upepo wa ziwa. Nilipoiona ile mashine nikaibonyeza kwa hasira tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyofukuzwa.

"Unafanya nini hapo?"

Osward alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Imenisoma, kaka. Leo imenisoma."

Nilingoja ashangae. Nilingoja asogee aitazame taa.

Hakuitazama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kikombe changu, kilichokuwa bado kinafuka moshi.