Fuvu la Sukari

Katika mji ule, sikukuu ya wafu ikikaribia, marafiki hupeana mafuvu ya sukari yaliyoandikwa majina yao pajini, na kutaniana. Hili, Eusebio alilikuta mlangoni asubuhi ile gazeti lilipochapa shairi lake la kumkejeli gavana. Jina lilikuwa lake, ila aliyelileta hakubisha hodi.

"Litupe, baba watoto," alisema mkewe, Refugio. "Huu si utani."

"Nikilitupa, watajua nimefyata mkia."

Akalivunja kwa kisu cha mkate, akatumbukiza kipande chenye jina lake ndani ya kahawa, akakoroga, kijiko kikigongagonga kikombe.

Refugio alimtazama akinywa. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu naye, akanyoosha mkono.

"Nimegee na mimi."