Mchina Aliyesema Shikamoo

"Shikamoo, bwana," alisema Mchina, na Nadhir akashika ukuta wa ngome ya Nizwa, nchini Oman.

"Marahaba," alijibu.

Kiswahili chenyewe si cha kuokoteza. Kilikuwa cha Unguja mjini, kimepigwa pasi, bora kuliko cha watoto watatu wa Nadhir, ambao kwao kiti, mti na bibi vyote ni "ile".

Yaarub hakumdanganya basi. Yaarub, binamu yake, alikuwa dereva wa msafara wa wageni kutoka Uchina. Juzi alimpigia simu Nadhir mjini Ibra, huku anacheka peke yake. "Yakhe, mkalimani wao wa Kiarabu kaugua tumbo, wanamtumia wa Kiswahili. Na kazi inakwenda! Wizarani nusu ya watu wametoka Unguja, Kiarabu wanakisema kwa kuomba Mungu. Nimemuuliza kajifunza wapi. Peking, anasema, kwa mwalimu wa Kizanzibari. Alkhamisi wako Nizwa, ngomeni, robo saa tu. Ukimkawiza nikafukuzwa kazi, nitakuja kula kwako."

Nadhir hakucheka. Kaka yake, Soud, ndiye aliyetoka Unguja mwaka wa sitini na tano kwenda Peking kufundisha Kiswahili. Barua zilikuja kila mwezi, kisha siku moja zikakatika. Familia ikahamia Oman, ikauliza kila balozi, ikaandika hadi wino ukaona haya. Mwisho kadhi aliwasikiliza, akasema miaka minne imeshapita na zaidi, Soud ahesabiwe amekufa. Khitma ikasomwa, wali ukaliwa, na yaliyofuata yakafuata. Lakini kaburi hawakuliona, na mlango ukigongwa ghafla Nadhir alikuwa akichungulia dirishani kwanza.

Basi Alkhamisi aliondoka Ibra baada ya swala ya alfajiri. Alimsihi Hamda, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, abaki nyumbani. Hamda akawapeleka watoto kwa jirani yao Mabruka, akapanda gari, akafunga mlango. Walipoupita mji wa Fanja akamgeukia Nadhir.

"Usinitaje."

"Sikutaji."

"Uliza moja tu. Yuhai au kafa."

"Ndilo ninaloliendea, Hamda."

Sasa Hamda alikuwa chini garini, na Nadhir juu ya ngome, anatoa picha ya kaka yake mfukoni. Picha yenyewe nusu. Upande mmoja umekatwa kwa mkasi. Mkalimani aliitazama, akavua kofia.

"Mwalimu Soud," alisema. "Mimi alinipa jina la Turki. Darasa zima alitupa majina, yetu yalimshinda. Wewe nani wake?"

"Mdogo wake. Tumbo moja. Yuhai?"

Turki aligeuka nyuma. Mkubwa wa msafara alikuwa anapiga picha mizinga.

"Niache niseme kwa mpango, bwana, maana kosa ni letu. Kila asubuhi alitusimamisha tumwambie shikamoo. Mwaka wa sitini na sita mambo yakapinduka. Wanafunzi wakawapiga walimu. Vitabu vikachomwa uani, wazee wakatembezwa mitaani wamevishwa kofia za karatasi, mtu akamkana baba yake mzazi mbele ya umati, akapigiwa makofi. Na sisi tukatafuta kosa la mwalimu wetu, tukaliona: ile shikamoo. Tukabandika ukutani kwa herufi kubwa: Huyu anatufundisha kushika miguu ya mabwana. Niliyeandika mimi. Kwa Kiswahili, ili aelewe."

"Akasemaje?"

"Aliisoma mpaka mwisho. Akanambia nimesahau nukta."

Nadhir alicheka bila kutaka. Alikuwa Soud huyo huyo.

"Wakamvisha kofia?"

"Tulimvisha."

"Kisha?"

"Gereza, miaka mitano. Walisema jasusi. Kisha shamba la nguruwe."

"Nguruwe? Soud?"

"Alikuwa akiwafungulia zizi huku kafumba macho. Nilimwona mwenyewe, kwa sababu na mimi nilipelekwa huko huko. Tuliowaandika wenzetu, na sisi tukaandikwa."

Chini honi ikalia. "Yallah, jamaa!" Yaarub alipiga ukelele. "Mnaoana huko juu?"

Wageni wakaanza kuteremka. Mkubwa wa msafara alimwita mkalimani kwa kidole. Nadhir akamkamata Turki mkono wa shati, akausokota kama anayekamua nguo.

"Robo saa imekwisha, ndugu yangu! Mimi sikuja kusikiliza nguruwe. Miaka kumi na tatu hii silali. Yuhai au kafa? Nambie lolote, nitalibeba. Lakini nambie!"

"Nchi yetu imepinduka tena, bwana," Turki alisema upesi upesi. "Waliovishwa kofia sasa wanasomewa majina yao hadharani, wanarudishiwa kazi zao na nyumba zao. Wengi wameyapata hayo wakiwa kaburini. Mwalimu si katika hao."

"Yaani?"

"Yuhai! Mvi tupu, na bado anatusahihisha. Mwezi huu wamempa ruhusa ya kutoka. Anakuja Oman." Turki alikuwa analia na kucheka pamoja. "Alinambia niwatafute watu wa Ibra, na salamu zake nizishike kwa moyo, nisiharibu hata herufi: Mwambieni mke wangu Hamda anisamehe, nimechelewa."

Nadhir aliteremka ngazi moja moja, kama mtu mwenye mzigo kichwani. Hamda alikwisha kushusha kioo cha gari. Alimtazama usoni, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Nambie kafa, Nadhir," alisema. "Nakuomba, nambie kafa."