Dawa ya Kuropokesha

"Hiyo hapana, dokta. Nichome ile ya usingizi nyeupe kama maziwa," Zuhura akasema.

"Nyeupe inashusha presha, na yako iko chini mno. Unavujia damu tumboni. Nikikupa hiyo huamki."

Daktari wa usingizi alishajaza ketamini, dawa nyingine ya usingizi, kwenye bomba la sindano. Zuhura akamng'ang'ania mkono. Alishachomwa ketamini miaka mitatu nyuma, na manesi walimcheka kwamba alipozinduka aliropoka kama redio. Aliropoka nini, hawakumwambia. Siri aliyokuwa nayo ni moja tu: mtoto wake wa pili si wa mumewe. Na siku ile aliyekaa kitandani kwake ni wifi yake Mwanjaa, huyu huyu aliyesimama hapa sasa.

"Basi niache nife," Zuhura akasema.

"Acha ujinga." Mwanjaa akainama mpaka sikioni kwake. "Nilisikia yote siku ile, wifi. Kaka yangu hajui mpaka leo."

Zuhura akamtazama usoni, hakuona hasira wala huruma. Vidole vyake vikalegea, daktari akauchomoa mkono wake, sindano ikaingia kwenye mshipa.

"Utamwambia?"

Mwanjaa akamfunika miguu kwa khanga, akageuka, akatoka.