Upande Usio na Wadudu

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe sita, saa nne asubuhi, wanafunzi walipoanza kushangilia wadudu.

"Wako tele, Mwalimu!" alipiga kelele msichana waliyemwita Kidoti, akiinua beseni jeupe lenye maji ya mto.

Mtunza pampu alichungulia kutoka chumba chake cha mashine, akacheka kwa uchungu. Hatimaye! Tangu amzike mkewe, aliyekwisha kwa tumbo na kutetemeka, alikuwa akisema ni maji. Barua tatu aliiandikia ofisi ya maji, kwa mwandiko wake wa darasa la nne. Wakubwa wakatia pamba masikioni.

"Andikeni, wajukuu zangu," alisema. "Marehemu alikuwa akiona wadudu kikombeni, analia. Wale hawakuleta hata tone la dawa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yetu ndiyo ile ofisi!"

"Pole sana, mzee," alisema mwalimu. "Huku juu tumemaliza. Sasa tupime mto unakoteremkia, chini ya pampu."

"Huko mtajichosha bure. Upande wangu hampati hata mmoja." Akajipiga kifua. "Mimi si wale wa kukalia viti vya kuzunguka."

Waliingia mtoni na nyavu zao, wakageuza mawe, wakachekecha matope. Nusu saa nzima. Beseni likabaki jeupe. Mzee akarudi ndani, akakalia ndoo, akingoja kusifiwa.

Wakaja wote, wakaujaza mlango. Chumba kilikuwa na mlango huo mmoja tu, dirisha hakuna. Wala hapakuwa na aliyetabasamu.

"Mzee, wadudu wale ni wa maji safi," mwalimu alisema taratibu. "Sumu ikiingia, wao ndio wa kwanza kufa. Kule juu mto ni mzima. Umekufa kuanzia hapa kwako."

Mzee alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kwa kisigino akalisukuma nyuma ya mashine dumu la dawa ya kuulia wadudu wa bustani, ile aliyokuwa akiimimina mtoni kila Jumamosi tangu siku mkewe alipoona wadudu kikombeni, vifuniko viwili viwili.

Kidoti hakuliona. Yeye alikuwa bado anawaza kile kikombe.

"Babu," aliuliza, "bibi alikuwa akichota maji upande gani?"