Nyumba ya Hondohondo

Wakati wa kutaga ulipofika, Hondohondo na mkewe walifuata desturi yao. Mke aliingia katika tundu la mvule, wakaliziba kwa udongo, wakaacha ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Siku ya tatu Hondohondo alimkuta Nungunungu chini, anatafuna mizizi.

“Jirani, mizizi hiyo imebeba nyumba yangu.”

Nungunungu hakuinua kichwa. “Wewe umezaliwa juu, bwana mkubwa, ndiyo maana unaona nyumba. Sisi tuliozaliwa chini tunaona chakula. Kama unaogopa, ruka. Si mabawa unayo?”

“Mimi ninayo. Mke wangu amenyonyoka manyoya, hawezi kuruka mpaka vifaranga wakue.”

“Basi avumilie. Mama yangu alivumilia njaa hapa hapa, na hakuna ndege aliyeshuka kumjulia hali.”

Hondohondo alijua hilo ni kweli, akaenda kumtafutia mkewe matunda.

Masika yalipolainisha udongo, mvule ulianguka. Hondohondo aligonga kwenye ufa tangu asubuhi hadi jioni, asijibiwe.

Mwezi mmoja baadaye alirudi. Nungunungu alikuwa amehamia ndani ya gogo lile pamoja na watoto wake, na alikuwa akimfukuza Panya aliyekuja kuliguguna.

“Usiguse, hii ni nyumba yangu,” alisema Nungunungu. Kisha akamwona Hondohondo. “Jirani, hebu mweleze huyu. Wewe unayajua mambo haya.”

Hondohondo alikuwa na tunda mdomoni. Alilisukuma ndani ya ufa, kama alivyozoea, akaruka zake.