Kioo cha Chumbani

Vioo vya siku hizi havirudishi sura ya kila mtu. Kioo hujifunza sura inayosimama mbele yake asubuhi arobaini mfululizo, na sura isiyoiona siku arobaini huisahau. Mgeni akijitazama kwangu, huona kitanda na pazia tu, yeye hayumo.

Kioo changu kilitujua wawili: mimi na mume wangu, Shekue.

Mdogo wangu alipojifungua, nilikwenda Lushoto kumlea mpaka arobaini yake ilipotimia. Nimerudi leo. Hata buibui sijavua, jirani yetu Zamda kaingia na sahani ya vitumbua.

"Karibu nyumbani, shoga! Ulitutupa mno."

"Nimeshakaribia. Mume wangu hakuwasumbua?"

"Shemeji? Katulia kama maji mtungini!"

Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Akainuka kwenda kuufunga, moja kwa moja chumbani kwangu, kwa mguu uliozoea. Nikamfuata.

Kioo kilimwonyesha. Nyusi alizozitinda, kidoti cha shavuni, vyote viking'aa kama vya mwenye nyumba.

"Zamda," nikamwita, "kioo changu kimekujulia wapi?"

Vidole vikamganda kwenye mtandio. Badala ya kugeuka, alinitafuta mle kiooni, na mimi nikajitafuta. Nilikuwa nyuma yake kabisa, pumzi yangu ikimgusa shingo.

Mle ndani mlikuwa na Zamda, kitanda na pazia.