Mikono ya Ambakisye

Chuo kilitaka jibu la Sekela kabla jua halijazama: asomee uhudumu wa ambulansi kwa njia ya haraka, au ya zamani? Ya zamani ilikuwa miaka mitatu ya kukesha na vitabu. Ya haraka ilikuwa wiki moja tu. Walikupandikizia kichwani kumbukumbu za mhudumu mkongwe, ukaamka unajua kila kitu.

"Chagua ya haraka, Mama Lusajo," alisema mumewe, Ambakisye, aliyeipitia mwezi uliopita. "Mbona mimi ni yuleyule?"

Kabla hajajibiwa, mtoto wao Lusajo, aliyekuwa akila kando yao, alikabwa na kipande cha nyama. Hakukohoa, hakulia, midomo ikaanza kubadilika rangi. Sekela alisimama, mikono imekufa ganzi. Ambakisye hakusita. Alimlaza mtoto kifudifudi pajani, akampiga mgongoni kwa kiganja, akarudia, akarudia tena, mpaka pande la nyama likaruka sakafuni. Lusajo akaangua kilio, akamnyooshea baba yake mikono.

Ambakisye hakumpokea. Alimtazama Sekela kwa upole, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

"Mgonjwa yuko salama, dada. Wewe ni nani yake?"

"Mama yake," Sekela alinong'ona.

"Basi mshike." Akanawa mikono, akatoka nje kuitafuta ambulansi ambayo haikuwapo.

Simu ya chuo ikaita.

"Ile ya miaka mitatu," Sekela alisema. Kisha akaivuta sahani ya mtoto, akaanza kuikatakata nyama vipande vidogo, vidogo zaidi.